Kutoka "Naipenda" Hadi Hoja

Mwanafunzi, una filamu, riwaya na nyimbo unazozipenda. Maoni hayo ni yako, na huna haja ya kuyaonea haya. Hata hivyo, katika karatasi ya fasihi, "naipenda" haikupi alama hadi uitolee sababu inayotoka katika kazi yenyewe.

Chukua filamu ya Nairobi Half Life (2012). Ukisema "ni kali", umeisifu tu. Ukisema inaonyesha jinsi jiji linavyomhadaa kijana, kisha utaje kwamba Mwas anaibiwa mara tu anapofika Nairobi kutafuta kazi ya uigizaji, umejenga hoja.

Fanya vivyo hivyo na Chozi la Heri:

Maoni: Riwaya hii inahuzunisha.
Hoja: Mwandishi anaonyesha kuwa ukabila huvunja ujirani.
Ushahidi: Mzee Kedi, jirani wa Ridhaa, anahusika katika kuteketezwa kwa jamaa ya Ridhaa.
Ufafanuzi: Msiba huu unauma zaidi kwa kuwa unaletwa na mtu wa karibu.

Hata kama riwaya hukuipenda, hatua ni zizo hizo.

Tanbihi: Mdundo wa wimbo unaweza kukuvutia kabla hujayasikia maneno. Katika riwaya, ushahidi wako ni maneno na matendo ya wahusika.

Zoezi
Chagua wimbo mmoja unaoupenda. Andika maoni yako kwa sentensi moja, kisha uyageuze kuwa hoja yenye ushahidi na ufafanuzi. (Alama 4)