Kuandaa Kerneli kwa Kompyuta Kuukuu za Zahanati: Somo kwa Watumishi wa Afya na Wagonjwa

Utangulizi

Sekenke, mkoani Singida, inafahamika kwa mlima wake wenye barabara ya kona kali na kwa dhahabu yake. Dhahabu hiyo ndiyo iliyotumika mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, kupiga sarafu za rupia 15 za Tabora, baada ya utawala wa Kijerumani kukatiwa njia ya kupata fedha kutoka Ulaya. Sarafu hizo hazikupigwa katika kiwanda cha fedha. Zilipigwa katika karakana ya reli, kwa mitambo iliyokuwapo.

Katika maeneo ya uchimbaji, vumbi la silika huharibu mapafu na kumweka mchimbaji katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu kisicho sugu huchukua miezi 6, na mafanikio yake hutegemea mgonjwa kurudi kituoni kwa tarehe aliyopangiwa. Kwa hiyo tarehe ni sehemu ya tiba.

Chukulia zahanati iliyo katika eneo la namna hiyo, yenye kompyuta moja ya mezani iliyopokewa kama msaada, ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 1 tu. Umeme unakatika usiku. Betri ndogo iliyo ndani ya mashine imekwisha nguvu. Asubuhi kompyuta inawaka ikiwa na tarehe ya miaka mingi iliyopita. Muuguzi anafungua orodha ya wagonjwa waliopaswa kufika na kukosa, na orodha haina jina hata moja. Si kwamba wote wamefika. Ni kwamba kwa hesabu ya kompyuta siku yao bado haijawadia. Hakuna anayetumwa kumtafuta mgonjwa aliyekatiza dawa.

Somo hili linaeleza jinsi kiini cha mfumo endeshi, yaani kerneli, kinavyoweza kuandaliwa ili kompyuta kuukuu itoe huduma ya kuaminika, na mahali ambapo juhudi hiyo inapaswa kukomea.

Kerneli ni nini

Kerneli ni programu inayosimama kati ya vifaa vya kompyuta na programu nyingine zote. Kazi yake inafanana na ya muuguzi kiongozi wa zamu wodini. Yeye hugawa vitanda, hupanga nani ahudumiwe kwanza, na hakuna anayechukua kifaa stoo bila yeye kujua. Kerneli nayo hugawa kumbukumbu, hupanga zamu za kichakataji, na huzungumza na diski, kibodi, skrini na printa kupitia programu ndogo ziitwazo viendeshi.

Kerneli ya Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuisoma, kuibadili na kuisambaza. Uhuru huo umewahi kutumiwa Tanzania: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili.

Kwa nini kompyuta kuukuu hukwama

Sababu ya kwanza ni kwamba kerneli mpya huacha vifaa vya zamani. Toleo la 3.8 la Linux, la mwaka 2013, liliondoa msaada kwa kichakataji cha 386, ambacho ndicho Torvalds alianza nacho. Toleo la 5.14, la mwaka 2021, liliondoa viendeshi vya zamani vya diski za IDE. Diski hizo bado hufanya kazi kupitia viendeshi vipya, lakini jina la diski hubadilika kutoka hda kuwa sda, na mashine iliyoandikiwa jina la zamani hushindwa kuwaka.

Sababu ya pili ni mpangilio wa kumbukumbu. Kichakataji cha biti 32 kwa kawaida huona kumbukumbu isiyozidi gigabaiti 4. Mbinu iitwayo PAE huongeza uwezo huo, na wasambazaji wengi wa Linux walianza kutoa kerneli inayoidai. Baadhi ya vichakataji vya Pentium M vya mwanzo havitangazi kuwa na PAE, hivyo kerneli hiyo hukataa kuwaka juu yake. Kwa mashine yenye gigabaiti 1, PAE haiongezi kumbukumbu yoyote, na kerneli iliyoandaliwa bila hiyo huondoa kikwazo.

Sababu ya tatu haimo ndani ya kerneli. Mara nyingi uzito unaolalamikiwa hutoka kwenye mazingira ya skrini yenye madoido mengi na kwenye kivinjari. Kiendeshi kilichohifadhiwa kama moduli hakichukui kumbukumbu mpaka kitakapohitajika. Anayetarajia kwamba kupunguza viendeshi kutaifanya mashine iwe mpya atavunjika moyo. Faida za kweli ni mashine kuwaka, kuwaka upesi zaidi, kutambua vifaa vyake na kutumia vizuri kumbukumbu ndogo iliyopo.

Uchunguzi kabla ya tiba

Daktari haandiki dawa kabla ya kuchukua historia na kumpima mgonjwa. Utaratibu huohuo unafaa hapa.

Jambo la kwanza ni kutoa nakala ya akiba ya taarifa zote, kuihifadhi nje ya mashine, na kuifungua ili kuthibitisha kuwa inasomeka. Nakala isiyowahi kufunguliwa haijulikani kama ni nakala.

Pili, vifaa vitambuliwe. Amri ya lscpu huonyesha aina ya kichakataji, free huonyesha kumbukumbu, lspci na lsusb huorodhesha vifaa, na dmesg huonyesha malalamiko ambayo kerneli imeyaandika tangu mashine ilipowaka.

Tatu, itafutwe hitilafu ya kimwili. Diski inayokufa au kumbukumbu yenye kasoro haitibiki kwa kubadili kerneli. Programu ya smartctl hueleza afya ya diski, na memtest hupima kumbukumbu.

Nne, ijulikane kompyuta itafanya kazi gani. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika pia Tanzania, hufanya kazi ndani ya kivinjari, hivyo hautegemei mfumo endeshi mmoja. Kuna programu nyingine zilizotengenezwa kwa Windows pekee. Hilo lijulikane kabla ya kufuta chochote.

Hatua za kuandaa kerneli

1. Kazi ya kujenga kerneli ifanyike kwenye kompyuta yenye nguvu, kisha matokeo yahamishiwe kwenye mashine kuukuu. Mashine ya zamani inaweza kutumia saa nyingi kwa kazi ambayo kompyuta ya kisasa huimaliza kwa dakika.

2. Mpangilio uanzie kwenye faili la config la kerneli inayofanya kazi tayari. Kuanza na ukurasa mtupu ni kukaribisha kusahau.

3. Vifaa vyote vinavyotumika zahanatini, yaani printa, kifaa cha intaneti na diski ya nje, vichomekwe kwanza. Kisha itumike amri ya make localmodconfig, ambayo hubakiza moduli zilizo kazini wakati huo na kuacha nyingine. Printa iliyosahaulika kabatini siku hiyo haitatambuliwa kesho.

4. Kwa amri ya make menuconfig, ichaguliwe jamii sahihi ya kichakataji na mpangilio wa kumbukumbu unaolingana na mashine.

5. Kiendeshi cha diski na cha mfumo wa mafaili vijengwe ndani ya kerneli yenyewe, au viwekwe katika faili la kuanzia liitwalo initramfs. Vikikosekana, kerneli huwaka na kusimama ghafla kwa kuwa haioni diski ambamo mfumo umehifadhiwa. Diski zitajwe kwa namba zake za UUID badala ya hda au sda.

6. Iwashwe zram, iliyokamilika katika toleo la 3.14 la mwaka 2014. Mbinu hii hubana taarifa zisizotumika kwa wakati huo na kuzihifadhi ndani ya kumbukumbu yenyewe, badala ya kuzisukuma kwenye diski inayokwenda polepole.

7. Kinga za usalama zisizimwe kwa tamaa ya kasi.

8. Kerneli ya zamani ibaki katika menyu ya kuwashia. Mpya ikishindwa, mtumishi arudi kwenye ya awali bila kumsubiri fundi kutoka mjini.

9. Majaribio yafanyike kabla ya siku ya kliniki: kuwasha na kuzima mara kadhaa, kuchapisha, kuhifadhi rekodi ya mfano na kuisoma tena, na kuangalia tarehe. Faili la config lihifadhiwe pamoja na maelezo ya maandishi, ili anayekuja baadaye ajue kilichofanywa na sababu yake.

Saa ya kompyuta

Kompyuta ina saa mbili. Ya kwanza imo kwenye ubao mkuu na huendelea kutembea mashine ikiwa imezimwa, kwa nguvu ya betri ndogo ya volti 3 ambayo mara nyingi ni ya aina ya CR2032. Ya pili ni ya kerneli, na huanza upya kila mashine inapowaka. Katika mpangilio kuna kipengele kinachoiagiza kerneli isome saa ya ubao mkuu mara inapoamka. Kipengele hicho, pamoja na kiendeshi cha saa hiyo, vijengwe ndani ya kerneli.

Hata hivyo, kerneli iliyoandaliwa vizuri itasoma kwa uaminifu saa iliyokosea. Betri lazima ibadilishwe. Penye intaneti, saa irekebishwe kwa njia ya mtandao. Pasipo na intaneti, mtumishi wa kwanza kufika ailinganishe na simu kabla ya kumpokea mgonjwa. Tarehe ikikosewa kwa miaka, hata tovuti salama hukataa kufunguka, kwa sababu vyeti vyake huonekana havijaanza kutumika. Kwa hiyo kukataliwa na tovuti zote kwa mara moja ni dalili inayomwelekeza mtumishi kutazama saa kwanza.

Mipaka ya kazi hii

Yote yaliyoelezwa yanahusu kompyuta za kawaida za ofisi. Hayahusu kompyuta inayoendesha mashine ya eksirei, ya ultrasaundi au ya vipimo vya maabara, hata ikiwa ni kuukuu na ya polepole. Programu ya mashine hizo imepimwa na mtengenezaji pamoja na vifaa vyake. Kuibadili ni kubadili kifaa tiba. Suala hilo lipelekwe kwa mhandisi wa vifaa tiba.

Mpaka wa pili ni wa muda. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi wala kerneli kwa mashine za biti 32. Kerneli iliyoandaliwa kwa mkono bila kusasishwa ni kama mtoto aliyekatiza ratiba ya chanjo. Mei 2017, programu haribifu ya WannaCry ilivuruga hospitali nyingi nchini Uingereza na kusababisha maelfu ya miadi ya wagonjwa kufutwa, ilhali kinga yake ilikuwa imetolewa tangu Machi ya mwaka huo. Kompyuta kuukuu isiyoweza tena kupata masasisho itolewe kwenye mtandao na kupewa kazi isiyohitaji intaneti, kama kuchapisha fomu au kufundishia. Kompyuta iliyotengenezwa upya kwa njia hii ni daraja, na uongozi wa kituo uendelee kupanga bajeti ya mashine mpya.

Siri ya mgonjwa

Mashine za msaada hufika zikiwa na diski zilizokwisha kutumiwa na wengine, na siku moja nazo zitaondoka. Diski ifutwe kikamilifu kabla ya kupokea taarifa za wagonjwa, na ifutwe tena kabla ya kutolewa kituoni. Kerneli inaweza pia kufunga taarifa kwa fumbo, hivyo mwizi wa mashine asiweze kuzisoma. Kwa vichakataji dhaifu, toleo la 5.0 la mwaka 2019 liliongeza mbinu ya Adiantum, inayofanya kazi hiyo bila kuielemea mashine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na haisamehi kituo kwa sababu kompyuta yake ni ya zamani.

Hitimisho

Kwa mtumishi wa afya, mambo ya kushika ni machache: nakala ya akiba kwanza, kerneli ya zamani ibaki, betri ya saa ibadilishwe, na rejesta ya karatasi ya MTUHA isiachwe. Rejesta na skrini zikitofautiana, tofauti hiyo ichunguzwe siku hiyohiyo.

Kwa mgonjwa, kadi ya kliniki ni rekodi yake mwenyewe. Aitunze na aje nayo kila mara. Akiambiwa kuwa siku yake bado wakati kadi inaonyesha imefika, asiondoke kimya. Aombe kadi na kompyuta vilinganishwe. Swali hilo moja linaweza kugundua saa iliyokosea, na kuwarudisha kwenye dawa wenzake ambao hakuna aliyekuwa akiwatafuta.