Usiisubiri kadi ya zamani irudi kiwandani

Mdogo wangu wa Ruaha Mbuyuni, ujumbe wako nimeusoma mpaka mwisho. Vitunguu umeuza, hela unayo, na Dell OptiPlex yako ya mtumba inakwama kila ukianza kuhariri video za sendofu. Sasa umesikia huenda viwanda vikarudia kutengeneza kadi za grafiki za zamani, unaniuliza kama usubiri mpaka msimu ujao.

Usisubiri.

Kurudisha, wamewahi kurudisha. Mwaka 2021 kadi ziliadimika duniani, wachimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum wakizizoa kwa mafungu. Nvidia wakaitoa tena GTX 1050 Ti, kadi ya 2016. Desemba mwaka huohuo wakairudisha RTX 2060 ya 2019, safari hii ikiwa na memori ya GB 12 badala ya 6. Ulidhani ilikuja kwa bei ya kutupa? Wapi! Bei zilikuja kupoa mwaka uliofuata, soko la sarafu lilipoyumba, na Septemba 2022 Ethereum ikaachana kabisa na uchimbaji wa kadi. Wachimbaji wakamwaga mitumba yao sokoni. Safari hii kinachobana ni memori, inayokimbilia kwenye mitambo ya akili mnemba, na kadi ya zamani nayo inakula memori. Unafuu utatoka wapi?

Mimi ningependa warudishe, lakini zile ndogo za wati 75. Huku kwetu wengi tunatumia mashine za ofisi zilizochoka Ulaya, pawa saplai yake haina waya wa ziada wa kulisha kadi. 1050 Ti ya kawaida inakunywa umeme wote kutoka kwenye sloti yenyewe, ndiyo maana mafundi wanaipenda hadi leo. Shida ni draiva: Oktoba 2025 ukoo wake ulipewa ya mwisho ya kawaida, zimebaki za usalama tu hadi Oktoba 2028. Kuirudisha kiwandani bila kurefusha huduma hiyo ni kutuuzia mzee kwa bei ya kijana.

Kwa hiyo hela ikitosha, chukua RTX 3050 ya GB 6. Ni ya 2024, wati 70, haidai waya. Isipotosha, tafuta GTX 1650 ya mtumba, ile isiyo na tundu la waya wa umeme. Draiva bado inapata. Mashine yako ikiwa ni ile nyembamba, dai kadi fupi, na muulize fundi kwanza sloti yake inatoa wati ngapi, la sivyo utarudi kutoka Kariakoo na kitu kisichoingia.

Ukishikiwa 1050 Ti ya bei ya ajabu, igeuze uangalie nyuma. Ukiona tundu la bluu la VGA, shtuka: chipu ya 1050 Ti haitoi VGA, na wajanja huchukua makopo ya 2010, kama GTS 450, wakayaandika jina jipya ndani. Mwambie muuzaji aichomeke na afungue programu ya GPU-Z. Ikiwa bandia, neno FAKE litatokea mbele ya jina. Kisha iendeshe nusu saa ukisikiliza feni, maana joto la huko bondeni kwenu halifanani na la Iringa mjini. Akikataa kuiwasha mbele yako, hela irudi mfukoni, uende duka la pili.