Meli za Fuzhou zilizama zikisubiri amri

Wanafunzi wangu wengi hudhani China ilishindwa Fuzhou mwaka 1884 kwa kukosa meli. Si kweli. Meli 11 zilikuwepo, na kadhaa ziliundwa hapo hapo Mawei, katika karakana iliyoanza 1866 chini ya usimamizi wa Mfaransa, Prosper Giquel.

Mazungumzo yakiendelea, Admeli Courbet aliingiza manowari za Ufaransa Mto Min, akatia nanga jirani. Wachina wakaamriwa wasianze kupiga. Wiki kadhaa wanatazamana!

Agosti 23, mchana, maji yakaanza kupwa. Meli zikageuka kwenye nanga zao, na Yangwu, meli kuu ya China, ikawapa Wafaransa tezi. Courbet aliisubiri saa hiyo. Chini ya saa moja tu, meli 9 zimekwisha. Kesho yake mizinga ya Wafaransa ikaigeukia karakana aliyoijenga Mfaransa mwenzao.