Tundu na Kilango cha Kamera

Wengi wanaojifunza kupiga picha hudhani ya kuwa tundu la lenzi na kasi ya kilango hufanya kazi moja. Sivyo. Tundu ndilo linalotawala kina cha picha, yaani umbali wa mbele na wa nyuma utakaoonekana dhahiri; kilango hutawala mwendo. Lakini vyote viwili hugawana nuru ile ile, na hapo ndipo makosa huzaliwa.

Jioni moja nilitoka Homa Bay kwenda Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori, penye kuta za kale za mawe yaliyopangwa bila saruji, ambazo UNESCO ilizitia katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Nilimsimamisha mzee mmoja wa ukoo wetu langoni, mita 3 kutoka kwangu. Nilitaka uso wake na ukuta ulio nyuma yake vyote vionekane, kwa hiyo nikalipunguza tundu hadi 16. Hesabu ya kina ilikuwa sahihi. Ila jua lilikuwa limekwisha kushuka, na kilango kikalazimika kukaa wazi moja ya nane ya sekunde. Kamera niliiweka imara juu ya jiwe; mzee hakuwa jiwe. Aligeuza kichwa kidogo tu. Mawe yalitoka safi, kila ufa ukihesabika, na uso wake ukatoka kama moshi. Alifariki kabla sijarudi, na jamaa zake hawana picha yake nyingine.

Nambari kubwa ni tundu dogo, jambo linalowakanganya wanafunzi. Sababu ni kwamba nambari hiyo ni kigawanyo: katika lenzi ya milimita 50, tundu la 2 lina upana wa milimita 25, na la 16 milimita 3 hivi. Tundu dogo hupitisha miale myembamba, ndiyo maana mtu asiyeona vizuri hufinya macho. Kwa filamu ya milimita 35, ukilenga mita 3 kwa tundu la 2, kina hakifiki nusu mita. Kwa 16, huanzia karibu mita 2 hadi 7.

Hatua za tundu ni 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11 na 16, na kila hatua hukata nuru nusu. Basi ningalirudi nyuma hadi mita 5, nikafungua tundu hatua tatu hadi 5.6, kilango kingalikwenda moja ya sitini ya sekunde, na kina kingalitosha toka mita 4 hadi 7. Umbali ungalinisaidia kuliko tundu.

Simu nyingi za mkononi hazina tundu la kubadilishwa, na wenye simu watumie umbali tu. Mwenye kamera, akishuka ufuoni Homa Bay wakati wa jua kali na filamu ya 100, aanze na 16 kwa 1/125. Mvuvi akirusha wavu, 8 kwa 1/500.