Tujaribu Mbegu Ngapi?

Katika somo lililopita tuliona kwamba mbegu huhitaji maji, hewa na joto la kufaa ili iote. Hata hivyo, mbegu iliyopewa mahitaji hayo yote huenda isiote, kwa kuwa kiini chake kimeliwa na fukusi au kimeharibiwa na unyevu ghalani. Kwa macho, mbegu hai na mbegu iliyokufa mara nyingi hufanana. Mkulima akigundua ubovu baada ya kupanda, mvua haitamngoja. Yampasa ajaribu mbegu mapema.

Tuseme shule ina debe moja la mbegu za mahindi. Hatuwezi kuziotesha zote, maana hatutabakiwa na za kupanda. Twachukua chache ziwakilishe zilizobaki. Hizo chache huitwa sampuli.

Jaribio

Gawanyikeni katika vikundi 10. Kila kikundi kichukue mbegu 10, kizipange juu ya kitambaa kilicholowanishwa, kikikunje, na kukiweka kivulini. Kitambaa kisikauke. Baada ya siku 7 hesabuni mbegu zilizoota.

Tuseme vikundi vimepata hivi: 8, 9, 6, 8, 10, 7, 8, 9, 7, 8.

Kikundi kilichopata 10 kitasema mbegu zote ni nzima. Kilichopata 6 kitataka zinunuliwe nyingine. Hakuna aliyekosea kuhesabu. Mbegu 10 ni chache mno, na bahati huzichezea. Sasa jumlisheni: mbegu 80 kati ya 100 zimeota, yaani asilimia 80. Jibu hili ni la kutegemewa zaidi.

Lakini nalo si kamili. Ikiwa kweli asilimia 80 ya mbegu za debe ni hai, sampuli za mbegu 100 kwa kawaida zitatoa majibu kati ya 72 na 88 kwa mia. Sampuli za mbegu 400 zitatoa kati ya 76 na 84. Angalieni vizuri: ili kupunguza kosa kwa nusu, tumeongeza mbegu mara nne, wala si mara mbili. Maabara za kupima mbegu zinazofuata kanuni za kimataifa hutumia mbegu 400, katika mafungu manne ya mia mia. Sisi twataka kujua tu kama tupande mbegu moja au mbili katika kila shimo. Kwa uamuzi huo, 100 zatosha.

Je, kama tungekuwa na magunia kumi badala ya debe moja? Mbegu 100 zingetosha vilevile, mradi zimechanganywa vizuri. Mpishi aliyekoroga mchuzi huonja kijiko kimoja tu, chungu kiwe kidogo au kikubwa.

Asiyekoroga ndiye hudanganyika. Mbegu 1,000 zilizochotwa juu ya debe hazitatuambia lolote juu ya zile za chini zilizopata unyevu. Chukueni za juu, za kati na za chini, wala msichague zile nono.

Maswali

1. Mwanafunzi alijaribu mbegu 5, zote zikaota. Je, debe lake ni zima? Eleza.
2. Maabara iliyotumia mbegu 400 yataka kupunguza kosa kwa nusu. Itumie mbegu ngapi?
3. Mnataka kujua ni wanafunzi wangapi shuleni hunywa chai asubuhi. Kwa nini si vema kuwauliza wa darasa moja tu?