Wafumaji wa Visiwa vya Shetland

Kaskazini ya Scotland, katikati ya bahari kuu, viko visiwa viitwavyo Shetland. Upepo wa huko hauna simile, na miti ni haba. Mwezi wa Desemba jua huonekana kwa muda usiotimia saa sita, kisha giza huingia tena. Wakaao katika nchi ya namna hiyo hawatoshewi na nguo za pamba; hutaka sufu.

Kondoo wa visiwa hivyo ni wadogo, na sufu yao ni laini. Zamani hawakukatwa kwa mkasi. Majira ya joto yalipoanza sufu ililegea yenyewe, na watu wakainyonyoa kwa mkono polepole, bila kumwumiza mnyama. Kisha wanawake waliichana, wakaisokota kuwa uzi, wakafuma sweta, soksi, kofia na glavu.

Kazi hiyo haihitaji kitanda cha mfumi. Mfumaji hutia kitanzi ndani ya kitanzi, safu juu ya safu. Mwanamke wa Shetland alitumia sindano tatu au zaidi, zenye ncha pande zote mbili, akafuma kwa kuzunguka, hata mwili wa sweta ukawa kama mfuko usio na mshono. Kiunoni alivaa mkanda wa ngozi wenye matundu, uliojazwa singa za farasi. Sindano moja aliichomeka katika tundu, ikasimama imara, na mkono wake ukawa mwepesi. Hivyo aliweza kufuma hata akiwa njiani, amebeba mgongoni tenga la udongo wa bwawa, ambao ukikauka huwaka kama kuni.

Katika sweta za kisiwa cha Fair Isle, nyuzi za rangi mbili huenda pamoja: mmoja hufanya vitanzi, wa pili hupita nyuma yake. Kwa hiyo nguo hupata mapambo na unene maradufu kwa kazi moja. Mitandio ya kisiwa cha Unst ni kinyume chake. Uzi wake ni mwembamba hata mtandio mzima waweza kupenya katika pete ya arusi.

Na ujira je? Mwanamke alipopeleka mtandio dukani, fedha alipewa kwa nadra. Alipewa chai na vitambaa, au karatasi ya kuchukulia bidhaa katika duka lile lile. Walakini kitambaa hakiliwi, wala kodi hailipwi kwa chai. Wengine waliichukua chai ile mashambani wakaibadili kwa unga au viazi, wakapata hasara. Mwaka 1872 mjumbe wa serikali alifika Lerwick, na wafumaji wakamweleza mambo hayo waziwazi. Maneno yao yakapigwa chapa. Sheria ya mwaka 1887 ikakataza malipo ya namna ile, ingawa desturi haikufa upesi.

Mwaka 1922 Edward, mwana wa mfalme wa Uingereza, alivaa sweta ya Fair Isle akicheza gofu, na watu wengi wakazitamani. Siku hizi sweta nyingi hufumwa kwa mashine. Hata hivyo wafumao kwa mkono bado wako Shetland, na mkanda ule wa ngozi bado hufungwa kiunoni.