Riba ikipanda, bei ya hati hushuka: somo kwa mwekezaji mdogo

Mfanyabiashara anayenunua hati fungani ya serikali huambiwa mambo mawili: fedha zake ziko salama, na riba yake haibadiliki mpaka hati iive. Yote mawili ni ya kweli. Lakini lipo jambo la tatu ambalo wengi hulijua siku wanapotaka kuuza. Bei ya hati hiyo hubadilika kila riba ya sokoni inapobadilika, tena kwa kwenda kinyume. Riba ya sokoni ikipanda, bei ya hati ya zamani hushuka. Riba ikishuka, bei hupanda.

Asiyelijua jambo hili anaweza kupata hasara kwenye hati ambayo serikali imeilipa kikamilifu, au kununua kwa bei ya juu akidhani amepata riba kubwa. Somo la wiki hii linaeleza hesabu yake, mifano iliyokwisha kutokea, na namna ya kujikinga.

HESABU YENYEWE

Hati fungani ni mkopo ambao mwananchi anaipa serikali. Nchini Tanzania hati hizo huuzwa na Benki Kuu kwa mnada, na kima cha chini cha kushiriki ni shilingi 1,000,000. Serikali hulipa riba mara mbili kwa mwaka, na mwisho wa muda hurudisha kiasi kilichoandikwa kwenye hati. Asiyetaka kusubiri mpaka mwisho anaweza kuiuza hati yake kwa mtu mwingine, kupitia madalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Hapo ndipo bei inapoingia. Chukulia mtu ana hati ya shilingi 1,000,000 yenye riba ya asilimia 10, na imebaki mwaka mmoja kuiva. Kwa urahisi wa hesabu, riba ichukuliwe kuwa inalipwa mara moja kwa mwaka. Mwisho wa mwaka hati hiyo italipa 1,100,000.

Sasa mnada mpya umefanyika, na hati mpya zinatoa asilimia 15. Ni nani atakayetoa milioni nzima kununua hati ya asilimia 10? Hakuna. Mnunuzi atatoa kiasi ambacho kikiongezwa asilimia 15 kitafika 1,100,000, yaani kama shilingi 956,500. Muuzaji amepoteza 43,500 ingawa serikali haijakosa kulipa hata senti moja.

Hasara hiyo hukua kadiri muda uliobaki unavyorefuka. Kwa hati hiyo hiyo ya asilimia 10, riba ya sokoni ikiwa asilimia 15, bei inakuwa hivi:

Imebaki mwaka 1: shilingi 956,500
Imebaki miaka 5: shilingi 832,400
Imebaki miaka 20: shilingi 687,000

Sababu ni nyepesi. Mwenye hati ya mwaka mmoja anavumilia riba ndogo kwa mwaka mmoja tu. Anayenunua hati ya miaka 20 anaivumilia kwa miaka 20, na fidia yote anaitaka leo kwenye bei.

RIBA IKISHUKA

Upande wa pili wa kanuni hii ulionekana Tanzania mwaka 2022. Hati za miaka 20 zilizokuwa zikitolewa kwa riba ya asilimia 15.49 zilifuatiwa na nyingine za muda huo huo kwa asilimia 12.10. Za miaka 25 nazo zilitoka asilimia 15.95 hadi 12.56.

Waliokuwa na hati za zamani walijikuta wameshika mali adimu. Kwa hesabu, pale mnunuzi anaporidhika na pato la asilimia 12.10 kwa mwaka, hati ya miaka 20 yenye riba ya 15.49 inastahili bei ya karibu shilingi 1,250,000 kwa kila milioni iliyoandikwa. Aliyenunua mapema kwa milioni moja angeweza kuuza na kupata faida ya robo milioni, mbali na riba aliyokwisha kuipokea.

Lakini mnunuzi wa sasa wa hati ya namna hii aangalie anachonunua. Kwenye karatasi anasoma asilimia 15.49, naye hufurahi. Kwa mwaka atapokea shilingi 154,900. Ila ametoa 1,250,000, na siku hati itakapoiva serikali itamrudishia 1,000,000 tu, kama ilivyoandikwa. Zile 250,000 za juu hazirudi. Ukizitoa kwenye riba ya miaka yote, pato lake halisi ni lile lile la asilimia 12.10 ambalo angelipata kwenye hati mpya.

Kwa hiyo swali la kumuuliza dalali si "hati hii ina riba gani?" Swali ni "kwa bei hii, pato langu halisi mpaka hati iive ni asilimia ngapi?" Dalali anayejua kazi yake hujibu swali hilo kwa tarakimu moja.

NAIROBI, FEBRUARI 2024

Kanuni hii haina mpaka wa nchi. Mwezi Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake elekezi hadi asilimia 13, wakati shilingi ya Kenya ikiwa imeshuka sana na serikali ikikabiliwa na deni la dola bilioni 2 lililokuwa linaiva mwezi Juni. Mwezi huo huo iliuzwa hati fungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu, kwa riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Serikali iliomba shilingi bilioni 70. Wawekezaji walileta zaidi ya bilioni 280.

Kuanzia Agosti 2024 riba elekezi ilianza kuteremshwa, na kufikia Aprili 2025 ilikuwa asilimia 10. Aliyeshika hati ya 18.46 alikuwa na kitu ambacho minada iliyofuata haikukitoa tena. Lakini wenye hati za zamani zaidi, za riba ya asilimia 12 au 13, walikuwa na kilio Februari ile ile: aliyebanwa na shida akauza wakati huo, aliuza kwa hasara.

BENKI ILIYOANGUKA

Wapo wanaodhani kosa hili ni la watu wasio na elimu ya fedha. Marekani mwaka 2023 ilionyesha vingine. Silicon Valley Bank ya California ilikuwa imeweka sehemu kubwa ya amana za wateja wake kwenye hati za muda mrefu, zikiwemo za serikali, zilizonunuliwa riba ikiwa chini kabisa. Kuanzia Machi 2022 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba mfululizo. Bei za hati hizo zikashuka.

Wateja walipoanza kudai fedha zao, benki ililazimika kuuza hati za dola bilioni 21, ikapata hasara ya kiasi cha dola bilioni 1.8. Habari zilipoenea, siku moja tu ya Machi 9, 2023 wateja walitaka kutoa dola bilioni 42. Kesho yake benki ilifungwa na mamlaka za serikali.

Mkopaji, yaani serikali ya Marekani, hakushindwa kulipa. Kilichoiangusha benki ni kushika hati za miaka mingi kwa kutumia fedha ambazo wenyewe wangeweza kuzidai wakati wowote.

DUKA LA KARIAKOO

Mfanyabiashara mdogo anaweza kufanya kosa hilo hilo kwa kiwango chake. Chukulia muuza sare za shule wa Kariakoo. Fedha za mauzo ya Januari hukaa bila kazi mpaka Oktoba, anapoanza kununua vitambaa vya msimu ujao. Akiziweka zote kwenye hati ya miaka 20 kwa kuvutiwa na riba, Oktoba itamkuta sokoni akitafuta mnunuzi, na bei atapangiwa na riba ya siku hiyo.

Fedha za namna hiyo zina mahali pake. Zipo dhamana za serikali za muda mfupi, za siku 91, 182 na 364. Hizi hazilipi riba katikati, bali hununuliwa pungufu. Anayetoa 950,000 leo na kupokea 1,000,000 siku ya mwisho amepata 50,000, sawa na asilimia 5.26 ya fedha aliyotoa. Pato ni dogo, lakini tarehe ya kulipwa inajulikana na hahitaji kumbembeleza mnunuzi.

Hati ya miaka mingi inamfaa mwenye fedha ambazo kweli hatazihitaji: anayejiandalia uzee, au mzazi wa mtoto mchanga anayefikiria ada ya chuo. Mtu huyo bei ya sokoni ikishuka hana sababu ya kupaparika. Asipouza, atapokea riba yake na mwisho atarudishiwa kiasi kilichoandikwa. Hata yeye, hata hivyo, asisahau mfumuko wa bei. Bei za vitu zikipanda kwa asilimia 5 tu kila mwaka, milioni moja atakayorudishiwa baada ya miaka 20 itanunua vitu ambavyo leo vinapatikana kwa shilingi 377,000. Ndiyo maana riba za katikati hazifai kuliwa zote. Sehemu yake irudishwe kwenye mtaji.

MAMBO YA KUSHIKA

Kabla ya kwenda benki au kwa dalali, mwekezaji aandike kwenye daftari tarehe ambayo kila fungu la fedha litahitajika, kisha achague hati inayoiva kabla ya tarehe hiyo.

Fedha zigawanywe kwenye hati za muda tofauti, ili kila baada ya muda fulani iwepo inayoiva. Riba ikiwa imepanda, fungu hilo litanunua hati mpya yenye pato zaidi. Ikiwa imeshuka, zile za zamani zinaendelea kulipa vizuri.

Anayenunua hati iliyokwisha kutumika aulize pato halisi, gharama za dalali, na siku zilizobaki hati kuiva.

Fedha za kukopa zisinunue hati ya muda mrefu. Riba ya mkopo huo inaweza kupanda, ya hati haipandi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mwenye hati fungani, safu ya kwanza ya daftari hilo iwe ya tarehe, ya pili ndiyo iwe ya riba.